Fremu ya Mlango wa Warigia

Harufu ya moshi ilianza kwa chumba cha Warigia siku ambayo hakuna mtu alikuwa amewasha moto. Dorine, mke wa mwanawe, alifungua dirisha, akaanika blanketi juani, bure. Harufu ilikuwa inatoka kwa fremu ya mlango.

Fremu hiyo Ndegwa aliitengeneza mwenyewe, upepo usimwumize mamake, ambaye alikuwa amevunjika nyonga na hatoki kitandani. Ni mapenzi tu yalimtuma. Lakini mbao alizitoa wapi? Kilimani, huko juu ya mto Theta. Moto wa Februari uliacha jivu tupu na mti mmoja mzee. Wazee wa zamani walipofyeka msitu waliuacha huo makusudi, ili roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa. Ukitaka kuukata, kwanza ulibeba tawi lake hadi kwa mti mwingine, ukawaonyesha hao roho kwao kupya. Ndegwa alikata tu, akabeba nyumbani.

"Umewaleta kwangu," Warigia alimnong'oneza.

"Mum, si tuliokoka kanisani."

"Sisi ndio tuliokoka. Hao hawajaambiwa."

Kila mchana kokoto ziligonga ule mlango bila mtu wa kuzirusha, polepole, kama mgeni mwenye adabu. Ndegwa akaogopa, akaahidi kuing'oa fremu Jumamosi.

Mvua ilimtangulia. Ijumaa ilinyesha huko juu kilimani, hapa chini jua likiwaka, na Ndegwa aliposikia mngurumo akatoka, akaona tope jeusi la jivu na mawe na visiki likishuka, likapita kwa jirani yake Sifuna bila kugusa hata kuku, likakata kona mahali hakuna mteremko, likaja kwake, naye akakimbilia mlango wa mamake, akausukuma, akaupiga bega, akamwita Dorine wakasukuma pamoja, lakini fremu ilikuwa imevimba na kuubana, na dirisha la chumba likapasuka, na Warigia akasema kwa sauti ya chini, "Wachana na mlango, Ndegwa. Okoa Dorine, mtoto wa wenyewe."

Tope lilijaza chumba hicho kimoja. Walimchimbua jioni, wakamzika karibu na migomba. Pasta aliipaka fremu mafuta, akaomba, akaondoka bila kunywa chai.

Baada ya wiki mbili fremu ilichipua majani. Asubuhi moja Ndegwa alichukua shoka, akaliinua huku akilia. Moshi ukanuka. Kisha sauti aliyoijua tangu utotoni ikanong'ona ndani ya mbao.

"Na ukiikata, Ndegwa, mimi nitakaa wapi?"