Dakika Tano hadi Wiyoni

Kila siku ya likizo, baada ya madrasa, Rumaisa alipanda hadi chumba cha juu akakifagia, hata kama hakuna mtu aliyelala humo. Alikung'uta mkeka, akapangusa vumbi kwenye vidaka vya ukutani, kisha akafungua dirisha ili upepo uingie. Mama yake, Bi Umulkheir, alikikodisha chumba hicho kwa wageni wanaokuja mjini Lamu. Ulikuwa mwezi wa pili sasa hakijapata mtu.

Rumaisa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kama kulikuwa na jambo alilojivunia, ni kuzaliwa Mkomani, mtaa wa kale wa mji huo. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, na mlango wake ulichongwa maua na babu wa babu yake. Shangazi yake, Bi Hindu, naye alikodisha vyumba, lakini nyumba yake ya mabati ilikuwa Wiyoni, mtaa wa pembeni mwa mji, na Rumaisa hakuihesabu kuwa nyumba. "Lamu ni Mkomani," aliwaambia wenzake. "Kwingine kote ni nyongeza tu."

Jumamosi moja simu ya mama ililia, na mama yuko jikoni, mikono imejaa unga. Rumaisa akaipokea.

"Assalaamu alaykum. Naitwa Zamzam, nakupigia kutoka Siyu. Nataka kumleta mama yangu kwa madaktari wa macho. Watakuwa Wiyoni, pale shuleni, kuanzia Jumatatu. Nimetajiwa kwenu, na nimetajiwa kwa Bi Hindu. Kwa Bi Hindu ni bei nafuu, lakini kwenu watu wanapasifu. Sasa mama haoni vizuri, na nyonga inamsumbua. Kutoka kwenu hadi shuleni ni mbali?"

Rumaisa alihisi mgeni anamponyoka, tena anaponyokea Wiyoni!

"Si mbali," akasema. "Dakika tano tu."

"Na ngazi je?"

"Chache."

"Basi tutafikia kwenu, mdogo wangu. Mungu akubariki."

Dua ile ilimchoma kidogo. Lakini mama aliposikia chumba kimepata watu alisema, "Alhamdulillahi!" kwa furaha kubwa, na Rumaisa akajisahaulisha.

Wageni walifika Jumapili alasiri. Bi Mwanamkisi, mama yake Zamzam, alikuwa mzee mwembamba anayetembea mkono mmoja begani kwa bintiye. Mlangoni alisimama, akayapapasa maua yaliyochongwa, moja baada ya jingine.

"Mlango una kazi nzuri huu," alisema. "Inshallah nitauona kwa mato yangu kabla sijarudi Siyu. Mwaka mzima sasa sijausoma Msahafu mwenyewe. Nasomewa tu, kama mtoto."

Kisha wakafika kwenye ngazi. Zilikuwa ishirini na sita, nyembamba, zimeinuka kama ukuta. Bi Mwanamkisi alizipanda kwa mikono na magoti. Zamzam alimtupia Rumaisa jicho mara moja, na Rumaisa akajifanya anatazama mkoba wao alioubeba.

Asubuhi ya Jumatatu, namba za kuonana na daktari zilikuwa zitolewe saa moja. Waliondoka saa kumi na mbili na nusu, Rumaisa akiwaongoza, naye aliona muda ni mwingi. Yeye akitumwa kwa shangazi hukimbia, na hata jasho halimtoki. Lakini kushuka ngazi peke yake kulikula dakika kumi, kwa kuwa Bi Mwanamkisi alishuka ameketi, daraja moja moja.

Nje, vichochoro vilikuwa vimeamka. Kila walipopita punda waliobeba mawe, ilibidi wajibanze ukutani hadi msururu uishe. Zamzam alitaka kumpandisha mamake punda. "Punda ndiye aliyenivunja nyonga hii," mzee akajibu. "Simpandi tena." Pikipiki nazo haziingii katika vichochoro hivyo, na walipotokea zinakosimama, mzee alijaribu kuinua mguu apande, akashindwa. Wakaendelea kwa miguu. Kwenye mifereji ya maji machafu alisimama, akaitafuta ng'ambo kwa ncha ya bakora, ndipo akavuka.

"Mwanangu," aliuliza Bi Mwanamkisi, akihema, "ndia hii yaishia wapi?"

Rumaisa alikuwa na uwezo wa kuitaja kona iliyobaki, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakutaja hata moja.

Walifika karibu saa mbili. Langoni alikuwepo karani wa madaktari, Bwana Ndirangu, ameshika boksi tupu.

"Pole sana, mama. Namba zimeisha," alisema. "Kesho asubuhi kuna kumi za mwisho, saa kumi na mbili kamili. Baada ya hapo ni upasuaji tu, kisha tunaondoka, na sijui tutarudi lini. Mnalala wapi?"

"Mkomani," Zamzam akajibu.

"Mkomani! Na mama wa hali hii? Nani aliwashauri?"

Zamzam alijua jibu, na mwenye jibu alikuwa amesimama ubavuni pake, lakini hakumnyooshea kidole. Bi Mwanamkisi aliketi juu ya jiwe, akafuta uso kwa ncha ya leso yake, na mabega yakamtetemeka. Alikuwa akilia bila sauti.

Afadhali Rumaisa angetukanwa. Aligeuka akatimua mbio hadi nyumbani. Alipofika pumzi zilikuwa bado zipo, na hilo lilimtia aibu kuliko yote.

"Mama, nimesema uongo," alisema mlangoni, na machozi yakamwagika. Alieleza yote: dakika tano, ngazi chache, na kwamba Zamzam alimtaja Bi Hindu naye hakumwambia kwamba kwa Bi Hindu ndiko karibu na shule.

Bi Umulkheir alimsikiliza hadi mwisho.

"Na mimi nilimshukuru Mungu kwa riziki ya uongo," alisema polepole. "Vaa viatu. Tunakwenda kuomba radhi."

Alirudisha malipo yote ya wageni. Mizigo wakaibeba wenyewe, mama na binti, hadi Wiyoni. Nyumba ya Bi Hindu ilikuwa ya chini, haina hata ngazi moja, na kutoka kizingiti chake hadi lango la shule ulikuwa mwendo wa kuvuka uwanja. Waliwachukua wageni pale langoni wakawaingiza humo, na Rumaisa akapiga magoti mbele ya Bi Mwanamkisi.

"Nisamehe, bibi. Njia niliijua."

Mzee alimpapasa kichwa. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini kesho asubuhi niombee."

Siku iliyofuata, kabla ya saa kumi na mbili, Bi Mwanamkisi alikuwa wa kwanza langoni. Bwana Ndirangu alimpa namba ya kwanza. Jumatano akapasuliwa jicho la kulia. La kushoto, daktari alisema, lilikuwa limechelewa mno.

Ijumaa, wakielekea kwenye boti ya kurudi Siyu, wageni walipitia Mkomani. Safari hii hawakuwa na haraka. Bi Mwanamkisi alisimama mbele ya ule mlango akautazama kwa jicho lake moja, ua kwa ua. Kisha akamgeukia Rumaisa, akamtazama vile vile.

"Mlango ni mzuri," alisema. "Ila wazee walinena, nyumba njema si mlango. Mwenye nguvu atalala hapa na atafurahi. Mimi palinifaa kwa Bi Hindu. Basi akikuuliza mgeni, mwambie kweli hata kama kweli itampeleka kwa mwenzio. Na ukimpimia ndia, mpimie kwa miguu yake, usimpimie kwa yako."

"Nimesikia, bibi," Rumaisa akajibu, na safari hii hakuangalia pembeni.

Wiki mbili baadaye chumba kilikuwa kitupu bado. Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, mgeni wa bara, iliuliza kama nyumba iko karibu na gati.

Rumaisa alitazama zile ngazi ishirini na sita.

"Kwanza niambie, dada," alisema. "Anayekuja ni nani, na anatembeaje?"