Utando wa Dakika ya Nne

Mama Stoo alikuwa akisukuma mafuta kwa sindano ndani ya kibao cha plastiki chenye vijia vyembamba kama unywele. Utando ukajitengeneza, kisha ukapasuka. Saa nane na dakika ishirini mchana. Ulikuwa umedumu hadi dakika ya nne tu, kama mara zote tangu asubuhi.

"Umeona? Na safari hii ni mkono wako, si wangu," alisema mwanafunzi wa utafiti, binti aliyesimama kando yake. "Nisipofaulu, saa kumi Mkuu wa maabara ananiondoa kwenye mashine."

Bila utando, protini yake haikuwa na pa kukaa, na utafiti wake ungeishia hapo.

Mama Stoo, mtunza stoo aliyejifunza maabara kwa kuuliza maswali, alimwita mzee wa usafi. Wengi walikuwa wamekwisha kumlaumu kwamba anaacha sabuni kwenye vyombo, nayo sabuni hupasua utando.

"Sabuni natumia, ndiyo. Nasuuza mara tano," mzee alisema. "Sahani za kwangu hazijawahi kupata bahati hiyo!"

Mama Stoo alidondosha maji safi kwenye kila chombo cha plastiki kilichooshwa na mzee. Matone yote yalisimama kama shanga: hapakuwa na sabuni. Kisha akadondosha maji kutoka chupa ya maji ya chumvi inayotumiwa na maabara nzima. Tone likatandaa, kama maji yenye sabuni.

Saa kumi kasoro robo aliipeleka chupa ofisini kwa Mkuu, mwanafunzi akimfuata. Daktari, mtafiti wa meza ya pili ya maabara, alikuwepo.

"Daktari, maji ya chumvi unachota wapi?"

"Chupa hiyohiyo. Leo saa tatu utando wangu umekaa saa nzima, nimeandika daftarini. Tatizo ni mikono ya binti, Mama."

"Naomba uitikise."

Akaitikisa. Povu likapanda hadi shingoni.

"Niliijaza jana jioni," Mama Stoo alisema polepole. "Saa mbili asubuhi utando wa binti ulishapasuka. Sabuni ilikuwamo tayari. Wako ulikaaje? Ulikuwa na chupa yako. Aliyejua kwamba hii ni ya kukwepa ni aliyeichafua."

Daktari aliketi. "Miaka sita naihangaikia protini hiyo! Yeye kaja juzi tu, kaikalisha kwa mwezi."

"Daktari, funguo za maabara mezani," Mkuu alisema. "Binti, mashine ni yako."

Kwa maji mapya ya chumvi, dakika ya nne ikapita. Ya kumi pia. Ghafla mstari kwenye skrini ukapanda ngazi moja: protini imekaa kwenye utando na kufungua mlango wake, umeme ukapita.

"Huyo!" mzee alipaza sauti, fagio juu. Mwanafunzi alimkumbatia Mama Stoo, akicheka huku analia.

Vibao kumi na kimoja vilibaki. Mama Stoo akavifunika.

"Hivi kesho, mwanangu. Saa mbili kamili."