Upande Alioutetea Odile

Siku Wilfried alipoondoka Kalemie, hakuaga. Alipanda mtumbwi wa injini pamoja na jeneza la mama yake, koti jeupe la hospitali likiwa bado mwilini, akampa Odile mgongo. Odile alibaki ufukoni, kitenge kimelowa hadi magotini, mpaka mlio wa injini ukapotea.

Walikutana miaka miwili kabla, kwenye duka la fotokopi karibu na chuo, wanafunzi wa udaktari wakisukumana kabla umeme haujakatika.

"Mama, unanikanyaga mguu," Wilfried alimwambia.

"Uondoe basi. Nani alikuambia uulete huku?"

"Nimezaliwa nao! Jina lako nani, nijue namna ya kukushitaki?"

Wilfried ndiye aliyeanzisha midahalo ya Jumamosi. "Malaria tunajua kuipima," alisema, "lakini mipango ya afya wanaandika wengine, sisi tunaisoma ukutani." Kanuni yake ilikuwa moja: kila msemaji huchota karatasi na kutetea upande alioupata, hata kama hauamini.

Jumamosi moja walijadili mpango wa jimbo wa kufunga vituo vidogo vya ziwani na kuwaleta wauguzi mjini. Wageni wawili wa tume iliyouandaa walichelewa, wakaingia kura zimekwisha kuchotwa. Odile alikuwa amechota "kufunga". Alisimama katika gauni la buluu, nywele zimesukwa upya, akaongea mpaka ukumbi ukanyamaza. Mgeni mmoja alimwita docta, akaomba karatasi zake zenye hoja na hesabu.

Jioni Wilfried alipiga simu.

"Mupenzi, leo umetumaliza. Umewaeleza wale wageni kama ulichota tu?"

"Nimewaeleza."

Hakuwaeleza. Zile sifa zilikuwa tamu mno.

Miezi mitatu baadaye waraka ulibandikwa hospitalini: hata wanafunzi wa udaktari wanaunga mkono. Kituo cha kijijini kwa akina Wilfried kilifungwa. Presha ilipompanda mama yake, walimpakia mtumbwini kumleta mjini. Alifika amekwisha kukata roho.

Baada ya mazishi Odile alipiga simu kila siku. Wiki ya sita Wilfried akapokea.

"Nilikudanganya," Odile akasema. "Sikuwaeleza."

"Najua. Niliona sentensi zako mule kwenye waraka."

"Nisamehe."

"Kanuni ya kuchota niliweka mimi, Odile. Unafikiri mimi nalala?" Akavuta pumzi. "Tume umewaambia?"

"Bado."

"Basi waambie wao kwanza."

Alikwenda. Alisimama mbele ya tume na watu waliokusanyika, redio ikirusha moja kwa moja.

"Docta," Papa Barnabé, mwenyekiti wa tume, alimuuliza, "kumbe zile hesabu ulitudanganya?"

"Hesabu zilikuwa za kweli, Papa. Sikuhesabu saa za mtumbwini. Na sikuamini nilichosema. Mama mmoja amekufa, na karatasi yangu imo ndani."

Hakuna aliyepiga makofi. Alipotoka nje simu ikalia.

"Nimekusikia," Wilfried alisema. "Umeongea vizuri."

"Usinisifu. Tafadhali."

"Haya. Jumatano unaweza kuja huku? Lete mashine ya presha, na muuguzi ukimpata."

Tume haijajibu, kituo bado kimefungwa. Kila Jumatano Odile, Wilfried na muuguzi mmoja wanapima presha za akina mama kwenye veranda ya kanisa la kijijini kwao Wilfried, kuanzia saa tatu hadi saa nane.