Jina Ambalo Makokha Hakutaka Kulitaja

Jua lilikuwa linazama Makokha aliposhuka kwenye bodaboda pale Chwele, koti lake la mvua limefungwa vifungo vyote ingawa kilikuwa kiangazi. Kwao Kitale alikuwa mpelelezi. Hakuna aliyempa kazi hiyo; alijipa mwenyewe alipostaafu ukarani. Kesi yake iliyovuma zaidi ilikuwa ya mbuzi wa pasta, ambaye alimpata ndani ya sufuria ya pasta mwenyewe.

Kesi moja tu ilimshinda. Miezi minane iliyopita mwanawe, Khaemba, alikwenda Suam kununua mahindi. Pikipiki yake ilipatikana kando ya mto. Yeye hakupatikana. "Hakuna mwili, hakuna kifo," Makokha aliwaambia polisi, na kila jioni aliacha taa ya mlangoni ikiwaka.

Mama Phelista, aliyemwita, alimpokea akiwa amevaa gambuti za marehemu mumewe.

"Mzee, ingia haraka. Mjukuu wangu analia siku ya tatu. Hanyonyi. Daktari ameangalia, ati hana ugonjwa."

"Mmemwitia majina?"

"Ya marehemu wote! Yameisha! Si wewe ndiye mpelelezi? Tafuta huyu ni nani anamsumbua."

Huko kwao, mtoto mchanga akilia hivyo, watu husema kuna marehemu anayetaka jina lake lirithiwe. Likitajwa jina lenyewe, mtoto hunyamaza. Makokha akafungua daftari. Leo washukiwa wake wote walikuwa kaburini. Angalau hakuna ambaye angetoroka.

"Babu Wepukhulu?"

Mtoto akalia.

"Shangazi Nekesa?"

Akalia zaidi.

"Yule mjomba mlevi?"

"Huyo hata mimi sitaki," akasema Phelista.

Ndipo Makokha akasikia... to. To. To. Maji yalikuwa yakidondoka nje ya mlango. Mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi.

Harufu ya matope ya mto ikaingia ndani.

"Na upande wa baba?" akauliza polepole.

Phelista akasonya. "Muulize huyu." Akamwonyesha Agneta, binti yake, aliyejikunyata pembeni na mtoto kifuani. "Amekataa kumtaja. Ati atakuja mwenyewe."

"Atakuja lini, mama?" Makokha akamuuliza binti.

"Alisema akitoka Suam," Agneta akanong'ona.

Kalamu ikasimama.

Makokha akainama, akamtazama mtoto. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kitundu kidogo, kama cha ncha ya sindano. Akapeleka kidole kwenye sikio lake mwenyewe. Kitundu kilikuwepo. Khaemba pia alikuwa nacho.

Akafunga daftari.

"Labda nimekosea," akasema. "Mimi hukosea sana. Hata yule mbuzi, nilimshika mtu mwingine kwanza..."

"Baba." Agneta, aliyekuwa amekiona kidole chake sikioni, hakuwahi kumwita hivyo. "Mtoto atakufa."

Kilio kilikuwa kimebaki mkwaruzo tu.

To. To. Karibu zaidi.

Makokha akavua kofia. Akaweka mdomo karibu na lile sikio dogo, akangoja kidogo, kama mtu anayetaka kuaga kwanza.

"Khaemba."

Kimya.

Mtoto akanyamaza. Matone nje yakanyamaza. Kisha yule mdogo akageuza kichwa, akatafuta ziwa la mama yake, akanyonya. Phelista akafungua kinywa kupiga kigelegele, akaona uso wa Makokha, akakimeza.

Wakafungua mlango. Kizingitini palikuwa na nyayo mbili za maji, vidole vikielekea ndani. Hakukuwa na nyayo za kuja. Wala za kuondoka.

Siku hizi Makokha huenda Chwele kila Jumamosi, bila koti, bila daftari. Humpakata mjukuu wake, ambaye nywele zake huwa na unyevu hata jua likiwaka. Humwita jina lake taratibu, halafu husubiri. Agneta hudhani anambembeleza.

Sivyo. Anaomba mtoto alie. Mara moja tu, ili ijulikane kwamba jina lile halikuwa lenyewe, na taa ya Kitale haiwaki bure.

Mtoto humtazama, ametulia kabisa.