Hodi Kwenye Chumba cha Giza

Adabu ni jambo jema, lakini Mwalimu Datius wa Kanazi aliizidisha. Alikuwa mtu wa kupiga hodi hata nyumbani kwake mwenyewe, na mkewe Kokuberwa alimcheka kwa hilo. Basi mchana ule, akiwa amejifungia katika ghala la kahawa alilolifanya chumba cha kusafishia picha, filamu mikononi na giza totoro, alisikia sauti ya mwanamume nje ya mlango.

"Hodi."

"Karibu," akajibu bila kufikiri. "Ila ngoja kidogo, nikifungua mlango filamu itaungua kwa mwanga."

Alipofungua hakukuta mtu. Kokuberwa alikuwa akipalilia migomba, mtoto mgongoni, na hakuwa ameona mgeni. Ndani ya ghala kulinuka kahawa iliyolowa ikaoza, ilhali magunia yote yalikwisha kupelekwa kwenye chama cha ushirika.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Azimio, na filamu ilipatikana Bukoba mjini kwa kubahatisha. Datius alipiga picha chache, akazisafisha polepole, na huku akisubiri sura zitokee kwenye dawa alisoma chini ya taa nyekundu riwaya nene ya Kiingereza aliyoachiwa na padri aliyerudi kwao. Kitabu kigumu ajabu! Sentensi ilianza ukurasa huu ikaishia ule. Lakini Datius hakukubali kushindwa na kitabu, akawa anakwenda nacho aya kwa aya, kamusi pembeni. Alama ya alipofikia ilikuwa kipande cha filamu iliyoungua.

Siku moja akakuta alama imesogea mbele. Akadhani ni utani wa Kokuberwa, ingawa Kiingereza kwa mkewe kilikuwa giza tupu. Ikasogea tena, na safari hii pembe za kurasa zilikuwa na unyevu, kama zimefunuliwa kwa kidole kilicholambwa.

"Huyu ananipita kusoma," akasema, akajaribu kucheka.

Jumapili baada ya misa alimpiga Kokuberwa picha tatu barazani, amempakata binti yao Immakulata. Karatasi ilipoanza kupata sura ndani ya dawa, aliona kwenye kiti cha wageni, nyuma ya mkewe, mtu ameketi akiwapa mgongo. Picha ya pili mtu yule alikuwa amegeuka, bado hana uso. Ya tatu alikuwa amesimama, ameinama juu ya bega la Kokuberwa, mkono wake mrefu umeshika pembe ya khanga ya mtoto, na Datius akasikia nyuma yake katika ghala lile lililofungwa kwa komeo ukurasa ukifunuliwa, kisha mwingine, kisha mwingine, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba mwenye nyumba hana pa kwenda.

Tangu siku ile Immakulata aliacha kunyonya.

"Waitu, mume wangu, mtoto anatuponyoka," Kokuberwa alinong'ona. "Kamlete yule mama mganga wa mjini. Padri wa parokia tutamweleza baadaye."

Bi Shamsa alikuja toka Bukoba na basi, akasimama mlangoni mwa ghala, akanusa.

"Ni jini. Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Datius akasema, macho chini.

"Ukampa nini?"

"Sikumpa kitu."

"Hata akamwani? Hata kahawa moja ya kutafuna? Mwalimu, unamkaribisha mgeni Uhayani unamwacha mkavu, halafu unashangaa amenuna?" Akakitazama kitabu. Kurasa zilizobaki mbele ya alama zilikuwa nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha. "Sasa anajipumbaza na hiki. Akikimaliza atamgeukia mtoto. Huyu hafukuzwi, anaagwa. Mpe kahawa, mpe kitabu kiwe zawadi ya njiani, msindikize mpaka njia panda, useme kwaheri. Kwaheri tu, umenisikia? Usiongeze neno."

Waliteremka jua likiwaka, Bi Shamsa nyuma, Datius mbele na kiganja wazi chenye buni, kitabu kwapani, na kando yake majani makavu ya migomba yalikuwa yakivunjika chini ya miguu isiyoonekana, hatua kwa hatua na zake, na ile harufu ya kahawa mbovu ikimjaa puani, lakini hakuthubutu hata kugeuza shingo. Njia panda akakiweka kitabu chini. Kiganja chake kikalambwa, ulimi wa baridi, na buni zikawa hazipo.

"Kwaheri," akasema.

Harufu ikakatika. Kule juu, nyumbani, mtoto akaanza kulia kilio cha njaa, kisha akanyamaza ghafla kama anyamazavyo aliyepewa titi. Datius alitokwa na machozi ya furaha.

"Asante, Mwalimu," sauti ikasema kwa upole karibu na sikio lake. "Kahawa yenu tamu."

Na Datius, mtoto wa watu aliyelelewa akaleleka, akajibu:

"Karibu tena."

Bi Shamsa alimziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikwisha toka. Wakasimama wakisikiliza. Haukupita muda, kule juu mlangoni mtu akapiga hodi, na sauti ilikuwa ya Datius mwenyewe.

"Karibu, Baba Immakulata!" Kokuberwa akaitikia kwa furaha. "Ingia umshike, amenyonya!"