Kidole Alichokificha Renatha

Kila asubuhi Renatha alichota maji bombani, akafagia mbele ya vyumba vyao viwili vya kupanga pale Kashai, kisha akavaa sare na kwenda shule. Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda kama anayekimbia. Siku hizo, baada ya masomo, Mwalimu Mamadi alifundisha ngoma.

Mwalimu Mamadi alitoka Guinea, Afrika Magharibi. Ngoma ya kwao huitwa jembe, na siku ya kwanza darasa la sita zima lilicheka, likidhani linapelekwa shamba. Walipoisikia hawakucheka tena. Mwalimu alisimulia hadithi kwa mdomo na mikono pamoja. Fisi alipotembea, ngoma ilitembea. Fisi aliposimama nje ya mlango, ngoma ilinyamaza, na watoto wakabana pumzi.

"Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda kucheza Muleba," alisema Jumatatu moja. "Renatha, wewe utapiga hatua za fisi. Na nyote mnisikie: mkono wenye jeraha haupigi ngoma yangu."

Jumatano, Renatha akiwa anabeba ngoma, waya wenye kutu uliochomoza kwenye ngoma ulimchoma kidole. Damu ilitoka kidogo tu. Akaifuta kwenye sketi, akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Akaketi, akapiga.

Ijumaa kidole kilikuwa kimevimba. Mama yake alimuuliza kwa nini anamenya ndizi polepole hivyo.

"Nimechoka tu, mama," alijibu.

Kufikia Jumatatu kidole kilikuwa cheusi pembeni, na kilipwita pu, pu, pu, bila kupumzika. Renatha alivuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole. Rafiki yake Jalpa, binti wa mwenye duka la vitambaa, alimfuata nyuma ya darasa.

"Nionyeshe mkono."

"Hakuna kitu."

"Renatha, unanuka usaha."

Jalpa akaivuta sweta mwenyewe. Mstari mwembamba mwekundu ulikuwa umeanza kidoleni, ukapita kiganja, ukafika kwenye kifundo cha mkono.

"Ukisema, mimi si rafiki yako tena," Renatha alisema kwa sauti ndogo.

Jalpa aliishusha sweta taratibu, wakarudi darasani.

Jumatano jua lilikuwa kali, na watoto wote walitoka jasho. Renatha peke yake alitetemeka kwa baridi. Mstari ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Alipiga ngoma mara moja, uwanja ukaanza kuzunguka machoni pake. Alipiga mara ya pili, na hakuusikia mlio.

"Mwalimu!" Jalpa alitoka kwenye mstari wa wachezaji akipiga kelele. "Mwangalie mkono! Mwangalie mkono wake!"

Mwalimu Mamadi alipandisha sweta. Alimbeba, akasimamisha bodaboda, wakaenda moja kwa moja hospitali.

"Uliumia lini?" aliuliza muuguzi, Mama Vestina.

"Jana."

Muuguzi aliufuata kwa kidole ule mstari mwekundu mpaka kwenye kiwiko. "Mwana wange, mwanangu, nataka nikutibu wewe, siwezi kuutibu uongo. Lini?"

Machozi yakamtoka. "Jumatano iliyopita. Ulikuwa waya wenye kutu."

Walimpasua kidole kutoa usaha, wakamchoma sindano, moja ikiwa ya pepopunda, na kumlaza siku tano. Daktari alimwambia mama yake kwamba kama wangechelewa siku mbili zaidi, pengine wangemkata mkono, au wangempoteza kabisa. Mama alilala sakafuni kando ya kitanda siku zote hizo.

Jumamosi gari la shule lilikwenda Muleba bila Renatha. Mtu mwingine alipiga hatua za fisi.

Jumapili Jalpa alikuja na Mwalimu Mamadi. Renatha aligeukia ukutani.

"Nilikuambia usiseme."

"Najua," Jalpa alisema. "Ndiyo maana nilinyamaza siku mbili. Nisamehe kwa hizo siku mbili."

Renatha aligeuka taratibu. Akasogea kitandani ili rafiki yake apate pa kukaa.

"Na mimi nilikosea," alisema Mwalimu Mamadi. "Nilisema mkono wenye jeraha haupigi, sikusema kwamba ukipona unarudi. Nikawafundisha kuogopa. Waya zote zilizochomoza kwenye ngoma nimeshazitoa. Lakini sikiliza, Renatha. Siku ya kwanza jeraha lako lilihitaji maji, sabuni na sindano moja tu. Kilicholikuza ni kulificha. Mtu anayekuumbua ili upone, huyo mshike. Na siku nyingine ukiumia, usingoje rafiki apige kelele kwa niaba yako. Sema mwenyewe, na useme mapema."