Dhahabu Isiyopimwa

Jumamosi asubuhi, hapa South End, mtaa wa mji wa Louisville, Marekani, jua liliingia polepole jikoni kwa Mzee Sebineza, ungesema ni maziwa yanamwagika mezani. Yeye na mkewe Nabintu walikuwa wanakunywa chai na kuota mchana kweupe. Miaka kumi na minne alibeba maboksi kwenye ghala, na katika kila mshahara kipande kiliingia kwenye akiba ya uzeeni. Mwakani angepumzika. Wangehamia Buffalo kwa binti yao Kirezi, wanunue kanyumba kenye kibaraza, wajukuu wapite hapo wakitoka shule. Nabintu alikuwa amekwisha kuchagua rangi ya mapazia.

Ndugu zangu, mimi jirani yao niliipenda ndoto ile kama yangu.

Ndipo Rugamba akaja kutoka Columbus. Kule kwetu milimani, Kivu ya Kusini, baba yake alimpa baba yake Sebineza ng'ombe, na nyumba zilizopeana ng'ombe hazipimiani kitu. Kuomba mizani ni kutukana. Rugamba alikuwa akiuza sarafu za dhahabu kwa niaba ya kampuni fulani, na moyo wake ulikuwa safi, maana naye alizinunua. Akaweka moja kwenye kiganja cha mzee. Mzee akafumba macho. Alituambia aliona kilima kizima cha ng'ombe wekundu wakishuka kwenda kunywa maji.

"Bon, sikia, hii haiungui kama karatasi," Rugamba alisema. "Vita ikikuja, unabeba."

Nabintu hakuikataa dhahabu. Alitaka wanunue kidogo tu, akiba nyingine ibaki ilipo.

"Baba Kirezi, wazazi wetu waligawa ng'ombe kwa marafiki, kila kilima wachache. Wewe unaweka wote zizi moja?"

"Hawa hawaugui, mama."

"Basi tukapime hata moja."

"Nipime mtoto wa mtu aliyetupa ng'ombe? Nitamutazama na macho gani?"

Akatoa akiba yote. Sehemu ya tano ilikatwa kodi hata kabla pesa haijamfikia. Iliyobaki ikawa sarafu kumi na mbili ndani ya soksi, chini ya godoro, na miezi saba wakalala juu yake kama watu wanaoelea.

Kirezi akawapatia nyumba ya kununua Lackawanna, nje kidogo ya Buffalo, yenye kibaraza kweli. Mzee akavaa koti la kanisani, akaenda na Nabintu kupeleka sarafu kwenye duka la dhahabu. Muuzaji akazipima, akataja bei. Mzee akamwomba arudie. Ilikuwa nusu na kidogo tu ya alicholipa. Yule mtu akamweleza kwa upole kwamba dhahabu ni ya kweli, ila pesa nyingi alilipia picha iliyochorwa juu, na picha hainunuliwi tena.

Ndani ya basi Nabintu hakumgombeza. Alimshika mkono mpaka nyumbani.

Nyumba ile ya kibaraza ikawapita, na leo wanalala chumba kimoja kwa Kirezi, Buffalo. Mzee, na magoti yake yaliyochoshwa na maboksi, anasimama kiwandani Tonawanda, karibu na hapo, kwa muda wa saa nane kila siku. Rugamba hakuambiwa kitu, kwa heshima ya ng'ombe, na katika ukimya ule akaziuzia familia mbili nyingine sarafu zilezile. Nabintu aliposikia, akachukua simu.

"Shemeji, zako ulizipima?"

Rugamba akauliza, kwa sauti ndogo:

"Donc… basi, mizani inapatikana wapi?"

Funzo

Wapendwa, dhahabu si adui. Kipande chake kidogo kando ya akiba nyingine kinaweza kufaa. Lakini usihamishie uzee wako wote humo. Kabla ya kutoa pesa, uliza habari za kodi kwa mtu asiyekuuzia kitu, maana mara nyingi kuna njia ya kuihamisha akiba bila kukatwa. Uliza uzito, uliza nani atakayeinunua tena na kwa bei gani. Na ukiumia, sema mapema. Heshima inayonyamaza humwacha jirani aanguke shimo lilelile.